Ndoo ya Unga

Maji ya uji yanachemka. Mkono unazama ndani ya ndoo, kikombe kinakwangua chini. Unga umekwisha, na hakuna aliyejua.

Kuna nyumba Arusha ambazo kila chakula kina ndoo yake. Kuanzia Sakina hadi Tengeru, ndoo ya mafuta ya kupikia ikiisha haitupwi. Inaoshwa kwa maji moto, inaanikwa juani mpaka harufu itoke, kisha inapewa kazi nyingine. Hii ya unga. Hii ya mchele. Ile ya maharage. Ndoo ya rangi ya ukuta, tafadhali, ibaki ya kudekia.

Masika yakishuka kutoka Meru, unga ulioachwa kwenye kiroba wazi hushika unyevu upesi. Mfuniko unaobana huuzuia. Huzuia na panya.

Kwa mahindi kuna zaidi. Fukusi na dumuzi nao wanahitaji hewa. Chombo kikijazwa pomoni na kufungwa kisipitishe hewa, ile iliyobaki ndani huisha, na wadudu hufa bila dawa. Lakini mahindi yawe yamekauka kweli. Yakifungiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu.

Wenye uzoefu hawamwagi unga mpya juu ya wa zamani. Wa zamani huisha kwanza, ndoo ikafutwa, ndipo mpya ukaingia.

Kabla hujatoka kwenda kazini, msikilizaji, funua mifuniko. Jioni ukipita soko la Kilombero, utajua umefuata nini.