Afya Hupimwa kwa Kipimo cha Nani?

Swali la afya ni nini, ambalo wanafalsafa wa tiba wamelibishania kwa muda mrefu, hujitokeza bayana damu ya mbwa inapopimwa ili kujua hali ya thairoidi, yaani tezi ya shingoni itoayo homoni ya thairoksini, inayoongoza kasi ya mwili kutumia chakula na kuzalisha joto. Matokeo hulinganishwa na kiwango rejea, yaani mipaka ambamo kwa desturi huangukia asilimia 95 ya wanyama wazima waliopimwa kabla, na mbwa aliye chini yake hushukiwa kuwa mgonjwa. Hata hivyo, Greyhound na jamaa zake wa mbio, kama Saluki na Sloughi, kwa maumbile yao huwa na thairoksini kidogo kuliko mbwa wengine, nao hukimbia na kuzaa bila dalili yoyote.

Mwanafalsafa Mmarekani Christopher Boorse, katika makala ya mwaka 1977, alishikilia kuwa afya ni viungo kufanya kazi kama ilivyo kawaida katika kundi rejea, yaani viumbe wa spishi, jinsia na umri mmoja. Greyhound anaitikisa hoja hiyo. Huenda ikajibiwa kwamba kundi lifinywe hadi aina moja ya mbwa. Lakini katika aina kama English Setter, ambayo kinga yake ya mwili huishambulia thairoidi mara nyingi kuliko ilivyo kwa aina nyingi nyingine, ufinyu huo waweza kuyahesabu maradhi kuwa ukawaida, na wafugaji wakaendelea kuyarithisha kwa dhamiri tulivu.

Yenye uzito zaidi ni hoja ya Mfaransa Georges Canguilhem, aliyeandika katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1943 kwamba afya ni uwezo wa kiumbe kujiwekea kanuni mpya mazingira yanapobadilika, wala si kukaa karibu na wastani. Ndiyo maana daktari mwangalifu haamui kwa thairoksini pekee: hutazama pia homoni ya ubongoni inayoichochea tezi, antibodi zinazoishambulia, dawa anazotumia mnyama, na mnyama mwenyewe, kama ananyonyoka manyoya, ananenepa au anazubaa.

Kumpa mbwa mzima vidonge vya maisha kwa sababu ya jedwali lililotokana na damu ya wengine ni dhuluma; kumzalisha mwenye antibodi kwa sababu wenzake wengi wanazo ni dhuluma kubwa zaidi, kwani huwafikia hata wasiozaliwa.