Kimondo Kikiangukia Shambani, Ni cha Nani?



Arusha yetu imezoea mawe ya thamani na madalali wake. Kimondo kikipita usiku juu ya Mlima Meru, mmoja atasema, "Mungu mkubwa!" Mwingine atauliza, "Kimeangukia wapi, tukakisake?"

Kusaka si dhambi. Hata Vatikani ina mkusanyo wa vimondo, unaotunzwa na Wajesuiti kwa ajili ya sayansi. Swali ni hili: ukikiokota kwenye shamba la mama mkulima wa ndizi, utamwambia thamani yake, au utampa elfu tano utokomee?

Tazama mifano miwili ya Mkoa wa Songwe. Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zipatazo 16, bado kipo pale pale. Mawe ya Ivuna yalianguka tarehe 16 Desemba 1938, jumla gramu 705 hivi. Wanasayansi wameliita kundi zima la vimondo adimu kwa jina la Ivuna, lakini kipande kikubwa kiko London. Sayansi imefaidika, sawa. Je, mtoto wa Ivuna?

Kimondo hukukipanda wala hukukinunua. Ulichomzidi yule mama ni kujua tu. Na ujuzi, ndugu yangu, ni deni: tumepewa ili tumfungue macho jirani, si tumpige.

Wiki hii jiulize: ninamzidi nani ujuzi, na ninautumiaje?

Ee Bwana, utupe macho ya kushangaa na mikono safi. Amina.