Upepo Unaotangulia Mvua

Kisa hiki kingeweza kuwa cha mwalo wowote wa Ziwa Victoria. Nahodha wa mtumbwi wa dagaa alijiandaa kutoka jioni, mwezi ukiwa gizani. Mzee mmoja akamwambia redio imetangaza radi usiku. Nahodha akatazama juu, hakuona hata wingu, akawaamuru vijana wake watatu wapakie taa. Maboya yakaachwa bandani, ati yanawabana wakivuta nyavu.

Weupe ule wa mbingu ndio uliomponza. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupanda, na upepo wa ziwani huvuma kwenda kushika nafasi yake. Mawingu ya alasiri basi hujengeka juu ya nchi kavu, anga ya ziwani ikabaki nyeupe. Usiku mambo hugeuka. Bara hupoa, ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 likabaki na joto lake. Pepo hutoka pande za Mwanza, Kisumu na Entebbe, zikakutana katikati, na hapo hazina pa kwenda ila juu. Hewa hiyo imebeba mvuke mwingi. Ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na kugeuka huko huachia joto linaloisukuma ipande zaidi. Wingu hukua hadi kupita kilomita 10, kwenye barafu, na chembe za barafu zikigongana humo ndipo umeme wa radi hujikusanya.

Usiku ule vijana waliuona mwanga wa radi upeoni. Nahodha akasema uko mbali, na dagaa walikuwa wameanza kujaa kwenye taa.

Mvua nzito inaposhuka huburuta hewa baridi. Hewa hiyo hugonga maji ikatawanyika kwa kasi, ikilitangulia wingu lenyewe. Upepo ulipowafikia, juu yao nyota zilikuwa bado zinaonekana. Mtumbwi ulipinduka kabla ya tone la kwanza. Aliyerudi ni mmoja, aliyeng'ang'ania dumu tupu.

Makadirio yaliyotajwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba ziwa hili huua watu 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka. Wengi wao ni wavuvi, na hilo linauma, kwani utabiri upo.

Nahodha, redio ikitaja radi, lala nyumbani. Ukiwa majini ukaona umeme, hata upeoni, pandisha nyavu urudi. Na boya livaliwe kabla mtumbwi haujasukumwa, maana upepo ule hautoi nafasi ya kulitafuta.