Aibu ya Kurudi

Juzi jumuiyani tulibishana: kijana aliyepotea miezi sita akirudi, aone aibu? Wengine walisema aibu yote ni ya shetani. Mimi nilikataa. Yoshua bin Sira (4:21) anatofautisha aibu mbili: moja humwingiza mtu dhambini, nyingine humletea heshima na neema.

Utazijuaje? Angalia inakupeleka wapi. Yuda na Petro wote waliumia. Yuda alijitenga, akajinyonga. Petro alilia, lakini alibaki na wenzake, na kule ziwani akajitupa majini kumfuata Bwana.

Ndugu yangu, usisubiri aibu iishe ndipo urudi. Njoo nayo. Nasi tuliopo tusianze na “ulikuwa wapi?” Tusogee kwenye benchi akae, sala iendelee.