Kidole Chako Ni cha Nani?



Kila mkimbizi anaijua ile meza. Unapanga mstari tangu asubuhi na mapema, watoto wanalia, hatimaye unafika mbele. Weka vidole hapa. Angalia hapa, usipepese macho. Taja jina la baba yako, taja kijiji mlichotoka. Dakika chache na imekwisha. Unapewa karatasi, na karatasi ile ndiyo chakula, ndiyo mahali pa kulala, ndiyo shule ya mtoto. Wengi wetu tulivuka mpaka na karte ya uchaguzi tu mfukoni, wengine hata hiyo hawakuwa nayo. Kwa hiyo hatuulizi mengi. Nani atauliza maswali akiwa na njaa?

Basi tuulize leo, tukiwa tumekaa. Mtu asiye na njia nyingine akisema "ndiyo", je, amekubali kweli?

Najua wako ndugu ambao jambo hili kwao ni habari ya alama ya mnyama tu, na mjadala umeishia hapo. Mimi siwafuati. Yusufu na Mariamu walikwenda Bethlehemu kuandikwa, wala hatusomi kwamba walitenda dhambi. Linalonisumbua ni jingine: kile kilichoandikwa kitatumika kwa kazi gani, na kesho kitakuwa mikononi mwa nani.

Nchi hii iliyotupokea inalijua jambo hilo kwa uchungu. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaandikisha watu na kuwapa vitambulisho vilivyotaja kwamba huyu ni Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Pengine karani aliyeliandika neno lile alikuwa mtu mpole, anayetimiza kazi yake na kurudi nyumbani. Miaka sitini baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, neno lile lilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa kwa ajili yake. Baada ya hapo kabila liliondolewa kwenye kitambulisho cha Rwanda. Sisi ambao huko tulikotoka tuliulizwa kila siku "wewe hasa ni wa wapi?" hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mtu atasema hayo ni ya zamani, yalikuwa makaratasi. Basi tutazame Kenya. Huko Garissa na sehemu za jirani, wakati wa ukame, familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali zilikwenda kwenye kambi za Dadaab na kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Wazazi walipeleka na watoto wao, vidole vikachukuliwa. Miaka ikapita. Mtoto akakua, akafikisha miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa lake. Mashine ikajibu: wewe ni mkimbizi. Amezaliwa Kenya, na baba yake na babu yake ni wa Kenya, lakini kidole chake kinasema vingine, na karani anaiamini mashine. Maelfu walikwama hivyo kwa miaka mingi, bila kazi rasmi, bila uwezo wa kufungua akaunti benki. Kosa lao lilikuwa njaa ya utotoni. Angalieni pia kwamba hakuna mwizi katika habari hii. Kila mtu alifanya kazi yake, na mtoto akapotea katikati.

Kwa Warohingya waliokimbilia Bangladesh mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwezi wa Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba habari zao, zilizokusanywa na HCR pamoja na serikali ya Bangladesh, zilipelekwa kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. HCR ilijibu kwamba watu walielezwa na kuombwa ridhaa. Lakini katika wakimbizi 24 waliohojiwa, wengi walisema hawakuelezwa habari hiyo. Karatasi waliyopewa ilionyesha kwamba wamekubali, nayo iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo watatu tu kati yao waliweza kuisoma.

Hapo ndipo naona jibu la swali langu. "Ndiyo" ya mtu mwenye njaa, katika lugha asiyoijua, haimwondolei mwuliza wajibu wake. Inamwongezea. Kadiri mimi nisivyoweza kukataa, ndivyo yeye anavyopaswa kujizuia: achukue kile kinachohitajika kwa kazi ile tu, asikipeleke kwingine.

Lakini tusiseme kwamba uandikishaji ni mbaya. Mwaka 2018 huko Uganda wakimbizi walihakikiwa upya kwa vidole na mboni za macho, na hesabu ikashuka kutoka karibu milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Kulikuwa na majina hewa yanayohesabiwa kama watu, na mwenye njaa halisi ndiye aliyekuwa akipunjwa. Tena mtoto asiyeandikwa popote ni rahisi kupotea. Mama anayemtafuta mwanawe kupitia Msalaba Mwekundu anahitaji jina lake liwe limehifadhiwa mahali. Ni kweli kwamba mwezi wa Januari 2022 hata Msalaba Mwekundu ulitangaza kuwa wezi wa mitandao waliingia katika habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa waliotengana na jamaa zao. Hata hivyo nisingemwambia mama huyo aache kutafuta.

Sasa imekuja akili bandia, yaani mashine inayojifunza kutokana na habari nyingi za watu, kisha inakisia na kupanga nani ni nani. Tusidhani ni ya mbali. Mwaka 2021 hapa Rwanda chakula cha kambini kiliacha kutolewa sawasawa kwa wote. Kaya zikapangwa katika makundi kadiri ya udhaifu wake. Kipimo kile hakikuwa akili bandia, lakini kinatuonyesha njia: maisha ya nyumba yanageuzwa kuwa hesabu, na hesabu inasema wewe hapana. Mwanadamu akikukatalia, unaweza kumwita "baba, njoo uone jiko langu". Mashine utaiita nani?

Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa habari za mtu binafsi imelifikiria hilo. Inampa mtu haki ya kuuliza kilichoandikwa juu yake, ya kuomba kisahihishwe, na ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika mambo mazito. Sheria nyingi hubaki kwenye makabati, najua. Hata hivyo, ukifika kwenye meza ile uliza kwa adabu: hii ni ya nini, nani mwingine ataiona, na jina likikosewa naenda kwa nani? Omba uelezwe kwa Kiswahili au Kinyarwanda. Usipoelewa, sema hukuelewa, kabla ya kuweka kidole.

Na sisi wenyewe je? Kanisani tunazo orodha: wajane wa kusaidiwa, wagonjwa wa kuombewa na maradhi yao, binti aliyepatwa na mabaya njiani akamweleza mama mchungaji. Orodha hizo siku hizi zimo katika simu ya kijana mmoja wa kwaya, na picha za wanaopokea sabuni zinatumwa kwa wafadhili kabla mwenye sura hajaulizwa. Simu ile ikiuzwa kesho pale Mahoko, aliyeinunua amenunua na nini?