Jina la Maradhi Yasiyo na Dawa

Ikiwa maradhi hayana dawa, tabibu ana haki gani ya kuyatafutia jina? Swali hili lina uzito popote, lakini katika Malangali, kata ya mji wa Sumbawanga (wala si Malangali ya Mufindi yenye shule kongwe), uzito wake huzidi, maana wasimuliaji wa mbali wameubebesha Ufipa sifa ya uchawi ambayo haukuiomba.

Tuchukue ugonjwa wa Huntington, ulioitwa hivyo kwa ajili ya George Huntington, tabibu wa Marekani aliyeueleza mwaka 1872. Ni maradhi adimu ya ubongo, na aghalabu huanza baina ya umri wa miaka 30 na 50. Mtu mpole hugeuka mkali, kikombe humponyoka, mabega na vidole hucheza bila ya amri yake, mwendo wake huwa wa mlevi, ilhali hajaonja pombe. Kisha fikira hufifia, na tangu dalili za mwanzo hata mauti hupita kadiri ya miaka 15 hadi 20. Tena hurithiwa: kila mtoto wa mgonjwa huweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu. Jirani aliyemwona baba akitikisika hivyo, kisha shangazi, kisha kaka, atasema nini? Atasema ukoo umerogwa, na macho yake yatamwangukia bibi kizee mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni.

Hiyo nayo ni namna ya kutambua maradhi. Lugha yetu inalo neno kuagua, ambalo hubeba kubashiri chanzo na kuondoa madhara yake kwa pamoja. Lakini mwaguzi huuliza ni nani. Tabibu huuliza ni nini. Roy Willis, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza aliyekaa Ufipa katika miaka ya mwanzo ya sitini, alichapisha mwaka 1968 makala juu ya Kamcape, harakati ya kufichua wachawi iliyopita huko. Katika nchi hizo hizo alifanya kazi Adrian Atiman, mtoto aliyekombolewa utumwani na mapadre, akasomeshwa utabibu Malta, akawatibu watu wa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tangu 1889 hata alipofariki mwaka 1956. Jina lake limepewa hospitali mjini Sumbawanga. Simfanyi Atiman kuwa nuru na wengine wote kuwa giza. Waliokimbilia kwa huyu na waliokimbilia kwa wale walisukumwa na haja moja, ya kujua kilichowapata.

Tabibu mwema halifikii jina kwa kuruka. Kwanza husikiliza habari za ukoo: nani alikufa, kwa umri gani, alitembeaje. Hapa Kiswahili chake hupimwa kuliko vyombo vyake, maana mama wa shamba hajui historia ya kitabibu. Hujua kwamba babu naye alikuwa akicheza pasipo ngoma. Kisha humtaka mgonjwa atoe ulimi na kuushikilia nje, naye hushindwa. Humtaka afuate kidole kwa macho, na macho huchelewa. Humpa vidole viwili avibane, na mbano hukaza na kulegea kama mkono wa mkamuaji wa maziwa. Halafu huyaondoa yanayofanana: kaswende, ukimwi, tezi la shingo, madhara ya dawa za wagonjwa wa akili. Picha ya ubongo, pale ipatikanapo, huonyesha kusinyaa. Mwisho ni damu. Tangu mwaka 1993 jeni yenyewe inajulikana: ndani yake herufi tatu za urithi hurudiwa, mara 26 au chini mtu yu salama, mara 40 au zaidi maradhi hayamkosi akijaliwa umri. Na hata hapo pana mtego. Yako maradhi mengine, yaliyotambuliwa mwaka 2001, yanayofanana nayo mno, na karibu wagonjwa wake wote ni watu wenye asili ya Afrika. Kipimo cha Huntington hakiyaoni. Tabibu asiyejua hayo atamwambia mgonjwa wa kweli kwamba hana neno.

Wala wasiotambuliwa si wachache. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta nyumba kwa nyumba wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa ambao si adimu kiasi hicho na dawa za kuutuliza zipo. Waliwapata 33, na zaidi ya theluthi mbili yao hawakuwa wameambiwa kamwe wanaugua nini.

Basi jina lina manufaa hata pasipo tiba: humwokoa mjane yule. Lakini jina lile lile huwaangukia watoto wa mgonjwa kama hukumu. Kijana wa miaka 25, mwenye afya na mchumba, alazimishwe kupimwa? Nasema hasha, na mchumba, nadhani, ana haki ya kuambiwa kwamba swali lipo, ingawa jibu halipo. Desturi ya matabibu ni kutompima mtoto asiye na dalili, na mtu mzima kumshauri kwanza, kisha kumwacha achague. Nancy Wexler wa Marekani, ambaye mama yake alifariki kwa ugonjwa huu mwaka 1978, aliongoza utafiti miongoni mwa koo za Ziwa Maracaibo, Venezuela, uliosaidia kuipata jeni ile. Kipimo kilipopatikana, yeye mwenyewe alichagua kutokipima. Mwaka 2020 aliwaambia watu hadharani kwamba anaugua. Mwendo na maneno yake vilikuwa vimekwisha kulisema hilo.