Mto ni wa Nani?

Asimamaye Nengo, mjini Gisenyi, huliona Ziwa Kivu likigusa Rwanda na Kongo. Maji yake hutoka kusini kwa mto Ruzizi, ambako kituo cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, hugawia Rwanda, Burundi na Kongo umeme. Burundi haina hata shubiri moja ya ufuko wa Kivu. Mbona yapata fungu? Najibu: mto ukishazungusha mitambo huendelea na safari hadi mpakani mwa Burundi, na apitiwaye na mto ana haki nao kama alalaye kando ya chanzo. Lakini haki hiyo haijatimia iwapo nyaya zapita juu ya nyumba ambamo mwanafunzi asomea kibatari. Mto haubagui, agawaye ni mwanadamu, naye ndiye wa kuulizwa.